Demensia kwa wazee wa Kyela

Demensia ni hali ya ubongo inayodhoofisha kidogokidogo kumbukumbu, fikra, lugha na uwezo wa mtu wa kufanya shughuli zake za kila siku. Si ugonjwa mmoja, bali ni jina la jumla la dalili zinazoletwa na magonjwa mbalimbali. Linaloongoza kati ya hayo ni ugonjwa wa Alzheimer. Kwa Kiswahili hali hiyo huitwa pia "ugonjwa wa kusahau" au "shida ya akili", ingawa jina la pili huchanganya watu kwa sababu hutumika kwa magonjwa mengine ya akili pia.

Makala hii inahusu demensia jinsi inavyowagusa wazee na familia zao katika Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kusini magharibi mwa Tanzania. Kwa kuwa tafiti zinazojulikana zaidi kuhusu demensia nchini zilifanyika Wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro, takwimu zilizotolewa hapa ni za huko.

## Eneo na watu

Kyela ni tambarare kati ya milima ya Rungwe upande wa kaskazini, milima ya Livingstone upande wa mashariki na Ziwa Nyasa upande wa kusini. Mto Songwe ni mpaka kati ya wilaya hiyo na nchi ya Malawi. Mvua ni nyingi, na mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika mara kwa mara wakati wa masika. Wakazi wengi ni Wanyakyusa. Karibu na Matema na Ikombe wapo pia Wakisi, ambao wanawake wao wanajulikana kwa ufinyanzi wa vyungu. Watu huishi kwa kilimo cha mpunga, kakao, ndizi na michikichi, pamoja na uvuvi na biashara ya mpakani.

Wazee wengi huishi vijijini, katika nyumba zao au kwa watoto wao. Vijana wengi huenda kutafuta maisha Mbeya mjini, Tunduma, Dar es Salaam na kwingineko. Kwa hiyo mara nyingi anayebaki na mzee ni binti mmoja, mkwe au mjukuu.

## Historia

Ugonjwa wa Alzheimer una jina la Alois Alzheimer, daktari Mjerumani. Mwaka 1906, katika mkutano wa madaktari mjini Tübingen, alieleza habari za mwanamke aliyekuwa amepoteza kumbukumbu na kuchanganyikiwa akiwa na umri wa miaka 51 tu. Baada ya mgonjwa huyo kufariki, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini akaona mabonge na nyuzi zilizosokotana. Mwaka 1910 Emil Kraepelin aliupa ugonjwa huo jina la mwenzake. Kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa ugonjwa wa watu wasio wazee, huku kusahau kwa wazee kukichukuliwa kuwa jambo la kawaida. Baadaye ilibainika kwamba wazee wengi waliosemekana "wamezeeka tu" walikuwa na ugonjwa uleule.

Kuhusu Wanyakyusa wenyewe, wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti kati yao katika miaka ya 1930. Kitabu cha Monica Wilson *Good Company*, kilichotolewa mwaka 1951, kinaeleza vijiji vya rika: wavulana waliondoka nyumbani kwa baba zao na kujenga kijiji chao, na wanaume wa umri mmoja waliendelea kuishi jirani hata walipooa na kupata watoto. Mwandishi huyo alieleza pia kwamba magonjwa na misiba ilihusishwa na uchawi, hasira ya majirani au mizimu. Vijiji vya rika havipo tena kwa namna ile, lakini desturi ya kutafuta chanzo cha ugonjwa katika uhusiano wa watu bado ipo katika sehemu nyingi za Tanzania, na inaathiri jinsi demensia inavyoeleweka.

## Aina na visababishi

* Ugonjwa wa Alzheimer: protini ziitwazo amiloidi na tau hujikusanya katika ubongo, na seli za neva hufa taratibu. Kwa kawaida huanza na kusahau mambo ya karibuni. Duniani husababisha takriban 60-70% za demensia.
* Demensia ya mishipa ya damu: hutokana na kiharusi, au na viharusi vidogovidogo ambavyo pengine havikutambuliwa. Mara nyingi hali hushuka kwa ngazi: mgonjwa hukaa vilevile kwa muda, kisha huzidiwa ghafla.
* Demensia ya miili ya Lewy: mgonjwa huona vitu visivyopo, hali yake hubadilika siku hadi siku, naye huweza kutetemeka au kukakamaa kama mwenye ugonjwa wa Parkinson.
* Demensia ya sehemu za mbele za ubongo: huanza na mabadiliko ya tabia au lugha kabla ya kusahau, na huweza kumpata mtu asiye mzee.

Virusi vya UKIMWI pia huweza kudhuru ubongo. Kwa kuwa dawa za kupunguza makali zimewawezesha watu wengi wenye VVU kufikia uzee, wahudumu wa kliniki hizo hukutana na wagonjwa wanaosahau dawa zenyewe. Katika nyanda za juu kusini, ambako ufugaji wa nguruwe umeenea, mabuu ya tegu wa nguruwe huweza kuingia ubongoni na kuleta kifafa, na pengine dalili zinazofanana na demensia.

## Dalili

Kila mtu husahau, na mzee huhitaji muda zaidi kukumbuka jina. Tofauti ni kwamba katika demensia kusahau huongezeka na kuvuruga maisha. Mtu asiye mgonjwa husahau alipoweka jembe, kisha hulikumbuka. Mgonjwa huweza kulikuta jembe ndani ya mtungi na kudai kwamba jirani ameliiba.

Dalili za mwanzo ni kama hizi:

* kuuliza swali lilelile mara nyingi kwa muda mfupi;
* kukosea hesabu ya fedha sokoni, au kuuza kakao na kusahau kama amelipwa;
* kushindwa kufuata hatua za kazi aliyoizoea, kama kupika chakula au kuandaa kitalu cha mpunga;
* kupotea katika njia aliyoipita miaka yote;
* kukosa maneno, au kuita vitu kwa majina yasiyo yake;
* kujitenga na watu, kuwa na shuku au hasira pasipo sababu.

Ugonjwa ukiendelea, mgonjwa huchanganya usiku na mchana, huwasahau watoto wake, huhitaji msaada wa kuoga na kuvaa, na huweza kutoka nje usiku akisema anakwenda "nyumbani", yaani pale alipolelewa. Mwishoni hushindwa kutembea, kudhibiti haja na kumeza vizuri. Wengi hufariki kwa nimonia au maambukizi mengine.

Uwezo wote haupotei kwa pamoja. Kazi ambazo mikono imezizoea tangu ujana hudumu kuliko kumbukumbu ya majina na tarehe. Mfinyanzi huweza kuendelea kukanda udongo, na mkulima kupepeta mchele, ingawa hajui ni mwaka gani. Vilevile lugha ya kwanza mara nyingi hudumu kuliko ile iliyojifunzwa baadaye. Mzee aliyezungumza Kiswahili vizuri huweza kurudi kwenye Kinyakyusa au Kikisi pekee. Mganga au muuguzi kutoka mkoa mwingine huweza kudhani kwamba mzee huyo haelewi chochote, kumbe angeitikia vizuri kama angesalimiwa kwa "ugonile".

## Ukubwa wa tatizo

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na demensia duniani, na zaidi ya 60% waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kila mwaka wagonjwa wapya hukaribia milioni 10.

Nchini Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulipima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji vya Wilaya ya Hai. Baada ya kurekebisha kwa umri, 6.4% walikuwa na demensia. Karibu nusu yao walikuwa na ugonjwa wa Alzheimer, na takriban 41% walikuwa na demensia ya mishipa ya damu. Kiasi hicho kinalingana na kile cha nchi tajiri, hivyo kilipinga dhana kwamba demensia ni ugonjwa wa Wazungu au wa watu wa mjini.

Sehemu kubwa ya demensia ya mishipa inahusiana na shinikizo la damu. Utafiti mwingine wilayani Hai ulionyesha kwamba takriban 70% za watu wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na presha ya juu, na wachache sana kati yao walikuwa wameidhibiti kwa dawa. Tafiti za kiharusi za miaka ya 2003 hadi 2006 huko Hai na Dar es Salaam pia zilionyesha kwamba kiharusi ni cha kawaida nchini, hasa mjini.

## Utambuzi

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachotumika katika hospitali za wilaya kuthibitisha demensia. Mhudumu husikiliza historia kutoka kwa mgonjwa na kwa mtu anayeishi naye, hupima kumbukumbu, na hutafuta magonjwa mengine.

Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa kwa watu waliosoma: humtaka mtu aandike sentensi, achore saa au ahesabu kurudi nyuma. Mzee asiyewahi kwenda shule hushindwa hata kama ubongo wake ni mzima. Kwa sababu hiyo watafiti waliofanya kazi Hai walitengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee huulizwa daraja ni nini, kiongozi wa kijiji au mji ni nani, na leo ni siku gani ya juma. Hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, hukumbuka maneno 10 aliyosomewa, na hupanga njiti za kiberiti kwa mfano alioonyeshwa. Alama za juu kabisa ni 15. Alama 7 au pungufu humaanisha kwamba demensia inawezekana sana na uchunguzi zaidi unahitajika.

Ni muhimu kutafuta hali zinazofanana na demensia lakini zinazotibika:

* kuchanganyikiwa kwa ghafla, kwa saa au siku chache, kutokana na malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini au dawa. Hii ni dharura, na mzee apelekwe hospitali siku hiyohiyo;
* sonona, hasa baada ya kufiwa na mwenzi;
* upungufu wa vitamini B12, au wa vitamini B1 kwa wanywaji wa muda mrefu wa pombe kali kama gongo;
* tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vizuri;
* kaswende ya muda mrefu na maambukizi mengine ya ubongo;
* damu iliyovuja chini ya fuvu baada ya kuanguka;
* kutosikia au kutoona vizuri, kwa mfano kwa sababu ya mtoto wa jicho.

Njia ya kawaida ya mgonjwa wa Kyela ni zahanati au kituo cha afya cha karibu, kisha Hospitali ya Wilaya ya Kyela au Hospitali ya Kilutheri Matema, na ikihitajika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya.

## Matibabu

Demensia iliyo nyingi haina tiba ya kuiondoa. Dawa kama donepezili na memantini hupunguza dalili kwa muda kwa baadhi ya wagonjwa wa Alzheimer, lakini hazisimamishi ugonjwa na si rahisi kuzipata vijijini. Dawa mpya zinazoondoa amiloidi, zilizoanza kuidhinishwa nchini Marekani katika miaka ya 2020, ni ghali na zinahitaji vipimo vya picha za ubongo vya mara kwa mara.

Yanayowezekana hata kijijini ni kudhibiti presha na kisukari, kutibu maumivu na maambukizi mapema, kurekebisha macho, na kuacha dawa zinazoongeza kuchanganyikiwa. Dawa za usingizi na za kutuliza humfanya mzee aanguke, hivyo zitumike kwa ushauri wa daktari tu.

Tiba ya kuchangamsha fikra, iliyoanzia Uingereza, ilirekebishwa na kujaribiwa nchini Tanzania. Kikundi kidogo cha wazee hukutana kwa vikao 14 na kuzungumza, kuimba, kucheza na kukumbuka mambo ya zamani, pasipo kuhitaji kusoma. Katika majaribio hayo hali ya washiriki ilikuwa nafuu baada ya vikao.

## Matunzo nyumbani

Mzigo mkubwa hubebwa na familia. Mambo yafuatayo husaidia:

* Mazungumzo: kumsalimu kwa heshima kama zamani, kusema sentensi fupi, na kuuliza jambo moja kwa wakati. Kubishana naye humwongezea hofu. Akimwulizia mama yake aliyekufa zamani, ni afadhali kumwomba asimulie habari zake kuliko kumpa habari za msiba upya kila siku.
* Ratiba: kula, kuoga na kulala kwa saa zilezile.
* Kazi ndogo: kuchambua maharage, kufagia au kumenya ndizi, hata kama haimalizi. Kumnyima kila kazi humdhoofisha haraka.
* Usalama: kuni zenye moto, sumu za kilimo na mapanga viwekwe mbali. Katika Kyela hatari kubwa ni maji: mito, mifereji ya mashamba ya mpunga na ziwa lenyewe. Majirani, wenyekiti wa vitongoji na vijana wa bodaboda wakijua hali ya mzee, humrudisha nyumbani mapema anapopotea.
* Chakula na maji: wagonjwa husahau kunywa, na joto la mwambaoni huwamaliza maji haraka. Anayepaliwa alishwe akiwa ameketi wima, kwa vijiko vidogo.
* Zamu: anayemtunza mgonjwa usiku na mchana huchoka na kuugua. Ndugu walio mbali huweza kutuma fedha, lakini pia wanahitaji kuja kwa zamu ili mtunzaji apumzike. Mara nyingi wanaofika kwa siku mbili humwona mzee amechangamka na kudhani mtunzaji anatia chumvi. Wagonjwa wengi huweza kujikaza kwa muda mfupi mbele ya wageni.

## Imani na tuhuma za uchawi

Utafiti wa mitazamo ya watu wa Hai ulionyesha kwamba wengi waliona kusahau kuwa sehemu ya uzee, na wengine walikuhusisha na laana au uchawi. Imani ya kwanza humchelewesha mzee kupata huduma; ya pili huweza kumletea madhara makubwa zaidi.

Mgonjwa wa demensia hutoka usiku, pengine bila nguo, akaingia katika ua wa watu na kushindwa kueleza alikotoka. Katika jamii zinazosimulia habari za wachawi wanaoanguka na ungo, mtu kama huyo hudhaniwa kuwa mchawi aliyenaswa. Maneno yake yaliyochanganyika huchukuliwa kuwa ni kukiri. Kwa upande mwingine, mgonjwa mwenyewe huweza kuwatuhumu mkwe au jirani kwamba wamemroga au wamemwibia, na familia ikagawanyika kwa sababu ya dalili ya ugonjwa.

Tanzania imeshuhudia mauaji ya wazee, hasa wanawake, kwa tuhuma za uchawi, na mikoa ya kanda ya Ziwa Viktoria ndiyo iliyojulikana zaidi kwa jambo hilo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inafanya kumtuhumu mtu kuwa mchawi kuwa kosa, isipokuwa kwa njia za kisheria. Mzee anayetishiwa anahitaji ulinzi wa haraka kupitia serikali ya kijiji, polisi au maafisa wa ustawi wa jamii.

## Haki na mali

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inatambua kuwa mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, na sera za afya zinaelekeza wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inahusu matunzo ya watu wenye magonjwa ya akili pamoja na usimamizi wa mali zao.

Mashamba ya kakao na mpunga ni mali ya kudumu, na mgonjwa huweza kuweka dole gumba kwenye karatasi ya mauzo asiyoielewa. Wakati demensia ingali changa, mzee bado huweza kueleza anataka nani asimamie shamba, mali igawanywe vipi na yeye atunzwe wapi. Wosia ulioandikwa wakati huo mbele ya mashahidi hupunguza ugomvi wa baadaye. Kuwa na demensia hakumnyimi mtu haki ya kuulizwa maoni yake.

## Kinga

Mwaka 2024 tume ya jarida la tiba *The Lancet* ilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa tangu utotoni hadi uzeeni yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu 45% za demensia duniani. Kati yake ni elimu duni, presha ya juu, kisukari, uvutaji wa sigara, pombe nyingi, kutosikia, kutoona, kuumia kichwa, hewa chafu, sonona na upweke.

Kwa mwambao wa Ziwa Nyasa, hatua zilizo karibu ni kupima presha kuanzia umri wa kati na kumeza dawa bila kuacha, kupunguza chumvi, kuvaa kofia ngumu kwenye pikipiki, kupunguza moshi jikoni, kutibu macho na masikio, na kuwashirikisha wazee katika ibada, vikao na kazi za kijiji. Kumpeleka mtoto shuleni, na hasa msichana, ni kinga pia, ingawa faida yake huonekana miaka 60 baadaye.

Tarehe 21 Septemba huadhimishwa duniani kuwa Siku ya Alzheimer.

## Tazama pia

* Kiharusi
* Shinikizo la damu
* Ugonjwa wa Parkinson
* Uzee
* Wanyakyusa
* Wilaya ya Kyela